Kongamano la bahari likija Mombasa, mvuvi yuko wapi?

WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao yake Zanzibar, huandaa kongamano kila baada ya miaka miwili hivi. Mwaka 2022 lilifanyika Gqeberha, Afrika Kusini. 2025 likaja Mombasa.

Kazi ya kongamano la biolojia si hotuba za wageni wa heshima. Mtafiti hutuma muhtasari miezi kadhaa kabla, kamati huuchambua, kisha wengine hupewa dakika chache jukwaani na wengine hubandika mabango, wakasimama kando kujibu maswali. Hapo kwenye mabango ndipo penye faida. Aliyehesabu samaki wa matumbawe Kisite anaweza kukutana na aliyehesabu wa kisiwa cha Mafia, wakagundua kuwa vipimo vyao havilingani, na kosa likanaswa kabla ya kuchapishwa.

Lakini maamuzi kuhusu wapi mvuvi wa Shimoni au Wasini avue, na kwa nyavu gani, huegemea takwimu hizohizo. Yeye ukumbini hayumo: kuna ada ya kujiandikisha, na mazungumzo ni ya Kiingereza. Kumwalika mwenyekiti mmoja wa BMU aje apigwe picha hakutoshi.

Waandalizi wangetenga siku moja ya kuwapeleka watafiti ufuoni. Mabango yapo tayari. Kilichobaki ni kuyatafsiri na kukodi matatu hadi Shimoni. Huko kuna swali ambalo huenda kamati haikuuliza: hao tafi mliwahesabu wakati wa kusi au kaskazi?