Tupime Udongo Kabla ya Kununua Mbolea

Sekenke inajulikana kwa dhahabu. Wajerumani walichimba dhahabu hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ilitumika kutengeneza sarafu mjini Tabora. Sarafu hizo zilikuwa na picha ya tembo.

Mchimbaji mdogo hachimbi ovyo. Kwanza huchukua jiwe. Hulivunja, hulisaga, halafu huosha unga wake kwa maji. Akiona chembe za dhahabu, huendelea. Asipoziona, huhamia mahali pengine. Hataki kupoteza nguvu zake bure.

Lakini sisi hao hao tukienda shambani tunasahau kupima. Tunasikia kuwa jirani ametia mbolea fulani akavuna vizuri. Nasi tunauza mbuzi, tunanunua mbolea ile ile. Je, shamba letu lina upungufu ule ule? Hatujui. Mimi nasema huko ni kubahatisha. Ni sawa na kumeza dawa ya mgonjwa mwingine.

Mimea inahitaji vyakula vingi. Vitatu ni vikubwa. Naitrojeni hustawisha majani. Fosforasi husaidia mizizi. Potasiamu huimarisha mmea. Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Basi usome na mfuko wa mbolea. Mfuko wa Urea umeandikwa 46. Maana yake, katika kila kilo 100 mna kilo 46 za naitrojeni. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Ile sifuri ya mwisho inasema kuwa hamna potasiamu kabla. Kama shamba lako linakosa potasiamu, hata ukitia mifuko kumi ya DAP hutaponya upungufu huo.

Chokaa nayo si dawa ya kila shamba. Kazi yake ni kupunguza uchachu wa udongo. Uchachu hupimwa kwa namba. Namba 7 ni katikati. Udongo ukiwa chini ya 5.5 ni chachu sana kwa mazao mengi, na hapo chokaa husaidia. Lakini katika tambarare ya Wembere, chini ya mlima wetu, ziko sehemu zenye chumvi na magadi. Kutia chokaa mahali kama hapo ni kutupa fedha.

Hata chokaa yenyewe ipimwe. Dondoshea siki juu ya unga wa jiwe la chokaa. Ukitoa mapovu, chokaa imo. Lakini mapovu hayakuambii nguvu yake ni kiasi gani. Hilo hupimwa katika maabara.

Kuchukua udongo wa kupima si kazi ngumu. Tembea shambani kwa kupindapinda. Chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Usichukue karibu na kichuguu, chini ya mti, wala palipokuwa zizi. Changanya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki. Chukua nusu kilo, anika kivulini, tia katika mfuko safi. Andika jina lako, jina la shamba na tarehe. Kama una shamba la mbuga na shamba la kichanga, usichanganye udongo wake. Kila shamba liwe na mfuko wake.

Wengine watasema: "Maabara ziko mbali, na sisi hatuna fedha." Ni kweli, Mlingano iko Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Lakini mwaka 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Tuanze kwao. Jambo hili liletwe katika mkutano wa kijiji. Tumwombe bwana shamba au bibi shamba atupangie siku ya kupima. Kama udongo lazima uende maabara, wakulima kumi wachangie nauli ya mtu mmoja. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara ya mbolea isiyofaa.

Sisemi kwamba mbolea ya dukani ni mbaya. Wala sisemi kwamba kipimo kitaleta mvua. Singida mvua ni chache, na mbolea iliyokaa katika udongo mkavu hailishi mmea. Ndiyo sababu kila shilingi itumike mahali panapostahili. Samadi ya mazizi yetu nayo tusiiache ipotee. Inarutubisha udongo na kuusaidia kushika maji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo ni mali kuliko dhahabu. Dhahabu ikichimbwa imekwisha. Udongo ukitunzwa utawalisha na wajukuu. Basi majibu ya kipimo tuyaandike katika daftari, pamoja na mbolea tuliyotia na magunia tuliyovuna. Mwaka ujao tutalima kwa kujua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mbolea iliyomfaa jirani huenda isikufae wewe?
2. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo ngapi za naitrojeni?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili mashamba yapimwe kabla ya mvua?