Polisi Kigamboni wasiujue msikiti siku ya vurugu tu

KIGAMBONI imefurika watu. Tangu eneo hili limegwe kutoka Temeke na kuwa wilaya, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, mashamba ya Kibada na Mjimwema yamegeuka viwanja na viwanja vimegeuka mitaa. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 317,902, karibu mara mbili ya waliohesabiwa miaka kumi kabla yake. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu 1967, kwa hiyo hakuna mwenye takwimu za waumini. Anayeijua pwani hii, hata hivyo, hahitaji takwimu kujua kuwa kuanzia Mbwamaji hadi Kimbiji ni pwani ya Waislamu wa siku nyingi, na kwamba wahamiaji wanaomiminika wanaongeza misikiti, madrasa na makanisa kila mwaka.

Polisi nao wana sababu za kuiangalia Kigamboni kwa jicho pevu. Hapa ndipo yalipo matangi ya mafuta na ndipo linapoanzia bomba la TAZAMA liendalo Ndola, Zambia. Jeshi la Wanamaji lina makao yake hapa. Kusini wilaya inapakana na Mkuranga, na ukivuka Mkuranga unakwenda Kibiti, ambako askari wamewahi kuuawa.

Waumini wengi na ulinzi mkali vinaweza kukaa pamoja kwa amani. Tunachokihofia ni kwamba amani iliyopo leo inategemea tu kutotokea jambo. Siku jambo likitokea, hakuna utaratibu ambao mkazi wa Tungi au Vijibweni anaujua, wa kumjibu mzazi anayeuliza: mwanangu amekamatwa na nani, yuko kituo gani, kwa kosa gani? Katika jiji hili la Dar es Salaam, swali hilo lilipokosa jibu, jibu lilitafutwa barabarani.

Kumbukumbu zipo. Ijumaa ya Februari 13, 1998, operesheni ya Polisi dhidi ya wahadhiri katika msikiti wa Mwembechai, Magomeni, iliishia kwa mabomu ya machozi na risasi. Watu waliuawa. Waislamu waliomba iundwe tume huru ya uchunguzi, haikuundwa. Mwaka 2000 Hamza Njozi, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kuhusu mauaji yale, nacho kikapigwa marufuku. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mwembechai leo ni mtu mzima mwenye familia. Habari za siku ile amezipata kwa wazee wake na kwenye baraza la msikiti, kwa sababu Serikali haikumpa maelezo mengine ya kupima nayo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Oktoba 2012 ikawa zamu ya Temeke. Ugomvi wa watoto wawili wa Mbagala juu ya Kurani ulikusanya umati kituoni, ukitaka ukabidhiwe mtoto aliyetuhumiwa kuikojolea. Polisi walikataa, na walikuwa sahihi. Umati ukageukia makanisa na kuyachoma, uhalifu ambao hauna utetezi wa dini yoyote. Siku chache baadaye mwanaharakati wa Kiislamu, Sheikh Ponda Issa Ponda, akakamatwa kwa mgogoro wa kiwanja cha Chang'ombe, wafuasi wake wakaingia barabarani Kariakoo, na wanajeshi wakaonekana mitaani. Agosti 2013 Ponda alijeruhiwa kwa risasi mjini Morogoro. Kesi iliyofuata iliisha Novemba 2015 kwa mahakama kumwachia huru.

Masheikh wa kikundi cha Uamsho kutoka Zanzibar, akiwamo Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem, walishitakiwa kwa ugaidi na kukaa mahabusu Dar es Salaam kwa miaka takriban saba. Kesi haikufika kwenye hukumu. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka na wakarudi makwao. Kama walikuwa na hatia, Taifa halikuonyeshwa ushahidi. Kama hawakuwa nayo, hakuna aliyewarudishia miaka yao. Kwa vyovyote vile, waliopoteza imani walikuwa wengi kuliko washitakiwa.

Lakini haki haina upande mmoja, na askari wetu wamezikwa. Usiku wa Julai 12, 2015, kituo cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, watu saba wakauawa, wanne kati yao askari, na silaha zikaporwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, Temeke, wakilinda benki. Aprili 13, 2017, wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Wauaji hao hawakuwabagua raia: viongozi wa vijiji ambavyo wakazi wake wengi ni Waislamu waliuawa mmoja baada ya mwingine. Mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji yale, alitoweka Novemba 21, 2017. Anayesema Polisi hawana haki ya kuogopa anasahau makaburi haya.

Ndiyo maana hatuwaombi Polisi walegeze kamba. Tunawauliza wanazipataje habari zao. Kundi la wauaji haligunduliwi na difenda linalozunguka mtaani likipiga king'ora. Hugunduliwa na mwalimu wa madrasa anayeona mgeni anawavuta vijana wakubwa pembeni, na mama mwenye nyumba anayeshangaa mpangaji asiyetoka mchana, na bodaboda aliyelipwa mara tatu ya nauli ili asiulize. Watu hao wataongea na askari wanayemjua na kumwamini. Wakiamini kuwa kutoa habari kutamfanya kijana wa jirani apotee, watanyamaza, na ukimya wao ndio maficho bora kuliko msitu wa Kibiti.

Majirani zetu wamelipia somo hili. Februari 2014 polisi wa Kenya walivamia Masjid Musa mjini Mombasa wakaondoka na vijana zaidi ya mia moja. Aprili mwaka huohuo, operesheni ya Usalama Watch ilikusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, na wengine wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Miezi miwili baadaye watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni. Aprili 2015 waliuawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Misako ile iliwajaza watu mahabusu, na wauaji walikuwa kwingine. Huko New York, polisi waliunda kikosi cha kuchunguza misikiti, migahawa na maduka ya Waislamu. Mwaka 2012 kamanda wa intelijensia wa jiji hilo alikiri chini ya kiapo kuwa tangu ashike kazi 2006, ripoti za kikosi hicho hazijamfungulia hata upelelezi mmoja. Kilivunjwa 2014. Kumshuku kila mtu ni kazi kubwa isiyo na mavuno.

Hapa kwetu dawa iliyozoeleka ni kikao. Kamati za amani za viongozi wa dini hukutana na makamanda, hupiga picha, hutoa tamko. Tunaziheshimu, na zimezima mioto. Ila wanaokaa mezani ni masheikh wa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) na wazee, ilhali vijana wengi wanaswali kwenye misikiti isiyoitambua BAKWATA na hawajawahi kuulizwa neno. Sheikh wa wilaya hawezi kumtuliza kijana asiyemhesabu kuwa kiongozi wake. Tena waliokosewa hawadai tamko. Wanadai majibu.

Kwa Kigamboni, tunaona mahali cheche inapoweza kuanzia: kiwanja. Mgogoro wa Chang'ombe ulikuwa wa ardhi kabla ya kuwa wa dini. Wilaya hii imeishi na migogoro ya viwanja tangu Serikali ilipotangaza mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni mwaka 2008, na bei zinavyopanda, eneo la wakfu lililotolewa kwa mdomo na mzee aliyekwisha kufariki linakuwa mali ya kugombewa na warithi, kamati mbili za msikiti na mnunuzi mwenye hati. Siku askari watakapopelekwa kusimamia kuvunja ukuta wa msikiti kwa amri ambayo waumini hawajaiona, hakuna atakayekumbuka kuwa mgogoro ulianzia ofisi ya ardhi. Manispaa iorodheshe maeneo ya wakfu sasa, na kamati za misikiti zisajili wadhamini wao RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, wakati wazee wenye kumbukumbu wangali hai.

Kwa Polisi tuna mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, anayekamatwa ajulikane alipo. Sheria inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kumkamata na amfikishe mahakamani ndani ya saa 24 au, isipowezekana, mapema iwezekanavyo. Askari kanzu wanaomchukua mtu kwenye gari lisilo na namba bila kujitambulisha wanaiga staili ya watekaji, na katika nchi ambayo neno "wasiojulikana" limekuwa la kila siku, raia hana namna ya kuwatofautisha. Kila kituo kiwe na ofisa mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa ukutani, ambaye kazi yake ni kuwajibu ndugu.

Pili, upekuzi wa msikiti au madrasa ufuate Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kikamilifu: hati ya upekuzi, mchana, mbele ya shahidi, na stakabadhi ya kila kitu kilichochukuliwa. Ikiwa kuna dharura ya kweli, sababu zake zielezwe baadaye. Imamu na mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa waitwe washuhudie. Pasipo na hatari, viatu vivuliwe mlangoni. Palipo na watoto, aende askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, asitangulizwe mwenye bunduki.

Tatu, mkaguzi wa Polisi wa kata azoeleke msikitini kama anavyozoeleka sokoni. Asionekane kwenye futari na Maulidi pekee, akiwa ameketi safu ya wageni rasmi. Aende siku ya kawaida, asikilize kero zilizopo: wizi wa pikipiki, dawa za kulevya kwa vijana wa ufukweni, mtu aliyeuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Akitatua moja ya hizo, atapata habari ambazo hazipatikani kwa mahojiano ya mahabusu.

Viongozi wa misikiti nao wasijifiche nyuma ya malalamiko. Yapo mahubiri yanayomfanya jirani Mkristo kuwa adui, na imamu anayeyaacha kwa kuogopa kuitwa kibaraka anawaandalia wengine maafa. Kamati ijue nani analala msikitini, nani anafundisha madrasa na fedha zinatoka wapi. Kumripoti anayepanga kuua ni kuulinda Uislamu na kuwalinda watoto wa Kiislamu, ambao ndio watakaobeba lawama bomu likilipuka. Wazazi wa Mbagala walijifunza mwaka 2012 kwamba umati uliokwenda kudai heshima ya Kurani hauulizi ruhusa kabla ya kuwasha kiberiti.

Serikali Kuu inabaki na kazi ambayo kamanda wa wilaya haiwezi. Katika nchi hii, raia anayelalamika kuwa askari amemjeruhi au kumuua ndugu yake huishia kuwapelekea malalamiko hayo askari wenzake. Kenya iliunda chombo huru cha kuwachunguza polisi kwa sheria ya 2011. Kina upungufu, lakini kimewafikisha askari kizimbani. Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huchunguza na kupendekeza, na mapendekezo yanaweza kukaa kabatini. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, ikataka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Kazi hiyo ijumuishe kuunda chombo huru cha kupokea malalamiko ya raia, chenye meno na wapelelezi wake. Na Mwembechai ipate maelezo rasmi, hata kama wahusika wengi wamestaafu au wamefariki.

Jina la Kigamboni halimo katika orodha ya Mwembechai, Mbagala na Kibiti. Hilo linawapa viongozi wake nafasi ambayo wenzao hawakuwa nayo, ya kutengeneza mambo kabla hakujamwagika damu. Chombo huru kitahitaji Bunge, na kusajili wakfu kutahitaji miezi. Kubandika ukutani jina na simu ya ofisa wa kuwajibu ndugu wa mahabusu kunahitaji karatasi na uamuzi wa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Tunamtaka aanze na hilo wiki hii, ili Ijumaa imamu alitangaze baada ya swala.