Malezi: Mbona hasikii unapomuita?

Juma hili tunaandika juu ya ugomvi ambao wamama wengi wanatuletea kwenye mikutano. Mtoto ameshika telefone. Mama anamuita aende kununua makala, naye anajibu, "Mama, kidogo tu, siwezi kuacha sasa." Mama anaona ni kiburi. Sauti inapanda, telefone inanyang'anywa, na jioni bukari inaliwa watu wamenuna.

Mara nyingi mchezo wenyewe ni Mobile Legends, wa kampuni ya Kichina iitwayo Moonton, uliotoka mwaka 2016. Hatuandiki ili kuusifu wala kuulaani. Tunaandika sababu mama anayejua kinachotendeka ndani ya kile kioo kidogo anaweza kuamuru na akasikiwa.

Watu 5 wanapambana na watu 5, kila mmoja na telefone yake, pengine kila mmoja katika lupango lake na wengine katika inchi za mbali. Kila upande una kambi yake kwenye pembe ya uwanja. Kutoka kambi hadi kambi kuna njia 3, na katika kila njia kila upande una minara 3 ya kujilinda. Katikati ya njia kuna pori lenye wanyama. Askari wadogo wanatoka kambini wenyewe, kundi kwa kundi, wanatembea njiani hadi wakutane na wale wa adui. Upande unaobomoa jengo kuu la mwenzake ndio unaoshinda. Mechi moja inachukua kwa kawaida dakika 10 hadi 20.

Mwanzoni wote ni wadogo. Shujaa wa mtoto wako anaanza ngazi ya 1, hana silaha ya maana, na mnara wa adui unaweza kumuua upesi. Kwa hiyo dakika za kwanza si za vita kubwa. Ni za kutafuta zahabu na kukua. Kuua askari wadogo kunaleta zahabu, na kuua wanyama wa pori vilevile. Zahabu inanunua silaha, na mwenye silaha anapata zahabu upesi zaidi kuliko mwenzake. Ni kama mama aliyepata mtaji mapema sokoni: anayemfuata atachoka sana ili amfikie.

Ndiyo maana kikosi kinachojua kazi kinagawana nafasi kabla hakijaanza. Mmoja anakaa peke yake kwenye njia ya zahabu. Kwa kawaida ni mpiga mishale ao mwenye bunduki, dhaifu sana mwanzoni lakini wa kutisha mwishoni, basi wenzake wanamwachia ale ashibe. Mwingine, mtu mgumu, analinda njia ya upande wa pili. Wa katikati anafyeka askari wa adui haraka, kisha anakimbia kusaidia pembeni. Mtu wa pori anawinda wanyama. Wa 5 watoto wanamuita romu.

Huyu wa romu tunataka mumujue vizuri. Anavaa viatu maalumu vinavyomfanya apate zahabu kidogo anapokuwa karibu na wenzake, ili fungu lao lisipunguke. Yeye anatembea: anaingia kwenye majani marefu aone adui wamejificha wapi, anasimama mbele mapigo yampate yeye, anamsaidia mtu wa pori amalize mnyama wake wa kwanza mapema. Katika likelemba, huyu ni yule mama anayekubali zamu ya mwisho ili mwenye duka jipya apokee kwanza. Bila yeye wengine 4 hawaendi mbali. Lakini watoto wengi hawaitaki nafasi hii, kila mmoja anataka kuwa mwenye bunduki. Vikosi vingi vinashindwa kabla hata ya askari wa kwanza kutoka kambini, sababu watu 3 wamegombania njia moja.

Dakika ya 2 inapofika, anatokea Kobe. Ni mnyama mkubwa wa pori, na upande unaomuua unapata faida wote pamoja. Hapo wa katikati, wa romu na mtu wa pori wanakutana. Kama mtu wa pori amefika ngazi ya 4, amefungua pigo lake kubwa, wanaweza kujaribu. Kama bado, ni heri wamwache na walinde minara, maana anayekufa hapo anampa adui zahabu na anangoja kufufuka huku njia yake haina mtu. Hilo ndilo kosa la watoto wenye pupa: wanamfukuza adui mwenye damu kidogo mpaka chini ya mnara wake, wanakufa wao.

Sasa, mama, tia sauti yako katika dakika ile ya 2. Mechi hii haisimamishwi. Mtoto akiweka telefone chini, shujaa wake anasimama kama kisiki, na wenzake wanabaki 4 kwa 5. Ni kama kumuita golikipa wa Mazembe atoke uwanjani aende dukani. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe unamkata alama za mwenendo anayekimbia mechi, na akizipoteza nyingi anafungiwa mechi za kupanda daraja. Hata telefone ya mama inapolia katikati ya mchezo, mara nyingi mtandao unakatika na shida ni ileile. Basi "siwezi kuacha" pengine ni ukweli mtupu. Wenzake wanamtegemea.

Hilo halimaanishi kwamba makala yangoje kila siku. Linamaanisha amri iwekwe mahali pake, yaani kabla ya mechi. Usimwambie mtoto "dakika 10," sababu dakika 10 zitakwisha vita ikiwa kali. Mwambie "mechi moja," ao siku ya posho "mechi mbili," na kabla hajabonyeza kuanza aulize: mama, kuna kazi? Ukisema hakuna, usimuite mpaka imalizike, isipokuwa kuna mgonjwa ao moto. Ukisema iko, haanzi. Akianza bila kuuliza, hapo umnyang'anye telefone bila huruma, na wale 4 wamlaumu yeye.

Kuna wamama wanaotuuliza kama mchezo huu unafundisha kitu. Tunaona watoto wakipanga, wakihesabu dakika, wakigawana kazi. Lakini mwalimu anajua kwamba ujuzi hauhami wenyewe kutoka kwenye kioo hadi kwenye daftari. Muulize mwanao, "Leo umecheza nafasi gani? Kwa nini mulishindwa?" Akikueleza kwa mpangilio, amefanya zoezi zuri la kusema na kufikiri. Akijibu kila siku kwamba wenzake ni wajinga, hapo kuna neno la kuzungumza naye. Na kama binti anataka kucheza, zamu yake ya telefone iwe sawa na ya kaka yake, na makala vilevile waende kwa zamu.

Usiku tunabaki wakali: siku za masomo, telefone inalala chumbani kwa mama.

Imebaki habari ya almasi, zile zinazonunuliwa kwa feza ya kweli ili shujaa avae nguo nzuri, na ya namba ya siri ya feza ya telefone ambayo watoto wengi wanaijua. Hiyo ni ndefu, tutaiandika juma lijalo. Kwa sasa, mama ambaye mwanae anaijua namba yake, aibadilishe leo.