Majeruhi aijue haki yake: barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Kagera

Afande Kamanda,

Mtu akigongwa na gari au pikipiki kwenye barabara ya Bukoba kwenda Muleba, awe atatibiwa Ndolage, Rubya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, karatasi yake ya kwanza ni PF3 kutoka kwenu. Naomba iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza kwamba anaweza kudai fidia, amdai nani, na kabla ya lini.

Wengi huamini dereva akishalipa faini, mambo yameisha. Faini huingia serikalini; haimlipii majeruhi vyuma vya mguuni wala miezi ambayo kibanja chake hakikupaliliwa. Kesi ya madai ni nyingine kabisa. Humo mdai huonyesha kwamba dereva alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru. Halazimiki kuthibitisha pasipo shaka kama kwenye jinai. Inatosha ushahidi wake uwe mzito kuliko wa mwenzake. Ndiyo maana hata dereva aliyeachiwa huru anaweza kudaiwa. Na aliyevuka barabara vibaya hapotezi yote: mahakama hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lake.

Wapo watakaosema dereva wa bodaboda hana kitu cha kulipa. Mara nyingi ni kweli, na hilo hasa ndilo lililofanya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ilazimishe vyombo vya moto kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Lakini majeruhi aliye kitandani ataijuaje kampuni iliyokatia bima chombo hicho, wakati namba yake ya usajili imo kwenye jalada lenu? Wengine watahofia madai ya uongo, au watasema polisi si mawakili. Simwombi askari atoe ushauri. Akabidhi taarifa tu. Uongo utakutana na ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa chombo, ambavyo mnaviandaa wenyewe.

Kinachoniumiza zaidi ni muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii, na miaka hiyo huliwa na kliniki, magongo na ahadi za ndugu wa dereva. Kama gari ni la serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90.

Afande, anzeni na vituo vya Bukoba na Muleba.