Michezo ya hisani imfikie mgonjwa

Mabonanza ya kuchangia wagonjwa wa saratani yaendelee, na mbio zake za magunia, kukimbiza kuku na kuvuta kamba, lakini fedha zinazopatikana zianze na nauli na malazi ya mgonjwa.

Tiba ya mionzi nchini inatolewa katika vituo vichache mno. Anayetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000, na mara nyingi tiba yenyewe huchukua wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa. Hata akisamehewa gharama za matibabu, bado kuna chumba cha kupanga, daladala ya kila asubuhi, uji, na ndugu wa kumshika mkono. Ni hapo wengine hukatiza tiba na kurudi nyumbani, uvimbe ukiendelea kukua.

Kicheko nacho kina kazi yake. Mama anayeogopa hata kuutaja ugonjwa huu atakuja uwanjani kumshangilia mwanawe anayekimbia na yai kwenye kijiko. Pembeni pawe na hema la uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini: pamba yenye siki, dakika moja hivi, na majibu hapo hapo.

Aliyenunua fulana ya kushiriki ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi. Waandaaji wabandike hesabu hadharani ndani ya mwezi mmoja, na wenye dhamana ya afya wapeleke wauguzi na vifaa uwanjani kuanzia bonanza lijalo.