Ziba Ufa Kwanza: Maoni Juu ya Chujio la Mashine ya Kufyonza Vumbi

Mashine ya kufyonza vumbi si chombo cha kila nyumba katika Afrika ya Mashariki. Ufagio ungali ukitawala sakafu nyingi, na kwa sakafu ya saruji au ya vigae kitambaa kilichoroweshwa maji hufanya kazi vizuri kabisa. Hata hivyo, mahali palipotandikwa mazulia, yaani katika hoteli, ofisi, misikiti na baadhi ya nyumba za mijini, mashine hiyo imekwisha kuwa chombo cha kawaida. Wanunuzi wake aghalabu huvutwa na maneno yaliyoandikwa juu ya kasha: kwamba chujio lake hunasa chembe 9,997 katika kila chembe 10,000. Maoni yangu ni kwamba ahadi hiyo, hata ikiwa ya kweli juu ya chujio, yaweza isiwe ya kweli juu ya mashine. Na kwamba mtu atakaye kuisafisha hewa itokayo katika mashine hizi hana budi kuanza na nyufa kabla ya kulishughulikia chujio.

Asili ya tatizo

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine iliyofyonza vumbi kwa nguvu ya pampu. Ilikuwa kubwa hata ikabidi ikokotwe na farasi. Ilisimamishwa barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani hadi vyumbani. Pamoja na ukubwa wake, mashine hiyo ilikuwa na sifa moja njema: vumbi lilitolewa nyumbani, na hewa iliyolibeba ikatolewa pia.

Miaka michache baadaye, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, James Murray Spangler alikuwa akifanya kazi ya usafi katika duka kubwa. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na vumbi la kazi yake lilimtesa. Aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1908, na haki zake zikanunuliwa na William Henry Hoover, ambaye jina lake lilikuja kuenea pamoja na mashine hizo.

Hapo ndipo mashine ilipoingia ndani ya nyumba, na pumzi zake zikaingia nayo. Hewa yote ifyonzwayo haina budi kutoka, na hutoka katika chumba kile kile kinachosafishwa. Foronya yaweza kuzuia mchanga na nywele. Vumbi laini hupenya na kurudi hewani. Toka wakati huo hadi leo, historia ya chujio la mashine hii ni historia ya jitihada za kulirekebisha jambo hilo moja.

Kwa nini vumbi laini lina hatari zaidi

Vumbi hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikromita 10 yenye densiti sawa na ya maji huanguka mita 2 kwa muda wa dakika 11 hivi. Chembe ya mikromita 1 huhitaji takriban saa 16 kuanguka umbali huo huo. Kwa hiyo mashine ikichukua vumbi lililolala juu ya zulia na kulitoa likiwa laini, imechukua kitu ambacho hakikuwa kikivutwa na mapafu ya mtu, ikakifanya kielee mchana kutwa mbele ya pua zake.

Ndani ya vumbi la nyumbani mna nyuzi za nguo, ngozi iliyobanduka, mchanga, bakteria, na vipande vya kinyesi cha wale wadudu wadogo waitwao utitiri, ambao hustawi katika magodoro na mazulia ya nchi zenye unyevu. Vitu hivi huamsha mzio na pumu kwa watu wengi. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wa mashine 21 za nyumbani. Waliona kwamba mashine hizo hurudisha hewani chembe laini na bakteria, na kwamba tofauti baina ya mashine moja na nyingine ilikuwa kubwa mno.

Chujio si chekeche

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chujio hufanya kazi kama chekeche: kilicho kidogo kuliko tundu hupita, kilicho kikubwa hubaki. Kwa chujio la nyuzi mambo hayaendi hivyo. Nafasi zilizo baina ya nyuzi aghalabu ni kubwa kuliko chembe zinaswazo. Chembe nzito ikifika mahali ambapo hewa inapinda kuuzunguka uzi, hushindwa kupinda pamoja nayo kwa sababu ya inesha, yaani ile tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake. Basi huugonga uzi na kunata. Chembe ya wastani huufuata mkondo wa hewa, lakini ikipita karibu mno na uzi huugusa kwa ubavu. Chembe ndogo sana husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, katika mwendo uitwao mwendo wa Brown, ikayumbayumba mpaka ikakutana na uzi.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Chembe zilizo ngumu kunaswa si zile ndogo kabisa, bali ni za kati, zenye kipenyo cha mikromita 0.1 hadi 0.3 hivi; kwa maana hizo ni nyepesi mno kwa njia ya kwanza na nzito mno kwa njia ya tatu. Ndiyo sababu chujio la daraja la HEPA, ambalo asili yake ni kazi za nishati ya atomu nchini Marekani katika miaka ya 1940, hupimwa huko kwa chembe za mikromita 0.3, na hutakiwa kunasa angalau 99.97 kwa mia. Hicho ni chombo bora, wala sina neno la kukipinga.

Hesabu ya ufa

Sasa tuseme mashine imetiwa chujio la namna hiyo, lakini raba inayolizunguka haibani sawasawa, na sehemu 5 katika kila 100 za hewa hupita pembeni. Chembe 10,000 zikija, 9,500 zitafika kwenye chujio, na 3 hivi zitaponyoka. Chembe 500 zitapita katika ufa bila kuguswa na kitu. Jumla ya zitokazo ni 503. Tuchukue mashine ya pili, yenye chujio la bei nafuu linasalo 99 kwa mia tu, lakini iliyofungwa barabara pande zote. Chembe zitokazo humo ni 100. Mashine yenye chujio hafifu imeishinda mara tano mashine yenye chujio la fahari.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Mwalimu wa fizikia aweza kulifananisha na nyaya mbili za umeme zilizounganishwa sambamba, moja yenye ukinzani mkubwa na nyingine yenye ukinzani mdogo. Hewa, kama mkondo wa umeme, hupita kwa wingi zaidi penye ukinzani mdogo. Chujio likifanywa zito zaidi, au likijaa vumbi, ukinzani wake huongezeka. Ukinzani wa ufa hubaki vile vile. Basi fungu kubwa zaidi la hewa hukimbilia ufani. Mtengenezaji aongezaye uzito wa chujio bila ya kuziba nyufa huenda akaiharibu kazi aliyokusudia kuitengeneza. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta ukijengwa, ufa ukiachwa, mwizi ataingia tu.

Yafaa pia kukumbuka mahali ufa ulipo. Kabla ya feni, kanieneo ndani ya mashine ni ndogo kuliko ya chumbani, na kiungo kilicholegea katika ganda la nje huvuta hewa ya chumba kuingia ndani. Baada ya feni mambo hugeuka: kanieneo ya ndani huwa kubwa, na kila kiungo kilicholegea hupuliza vumbi nje. Zaidi ya hayo, mota nyingi za mashine hizi zina brashi za kaboni ambazo husagika zikitoa vumbi lake lenyewe. Chujio lililowekwa kabla ya mota haliwezi kulinasa vumbi hilo. Kwa hiyo chujio la mwisho lahitajika baada ya mota, nalo ndilo lihitajilo kufungwa kwa uangalifu kupita mengine yote.

Marinda na tufani

Baada ya kuziba nyufa, hatua ya pili ni eneo. Karatasi ya chujio ikikunjwa marinda, kama sketi ya mwanafunzi, eneo kubwa huingia katika nafasi ndogo. Eneo likizidishwa mara mbili, kasi ya hewa inayopenya karatasi hupungua nusu, na tofauti ya kanieneo inayohitajika kuisukuma hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Mota hupumua, na chembe ndogo sana hupata muda zaidi wa kuyumba na kunaswa. Hii ni njia ya busara kuliko kuongeza nguvu za mota. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine za nyumbani mwaka 2014, kisha wati 900 mwaka 2017, na mazulia yaliendelea kusafishwa.

Wengine watataja mashine zisizo na mfuko, zinazozungusha hewa kama tufani ili vumbi litupwe ukutani. Mwingereza James Dyson alitengeneza vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake ya namna hiyo. Ni kazi ya kuheshimiwa, na faida yake ni kwamba mvuto wa mashine haupungui upesi. Lakini kwa densiti moja, uwezo wa chembe kuuacha mkondo wa hewa hutegemea mraba wa kipenyo chake: chembe ya mikromita 1 ina uwezo huo mara 100 pungufu ya chembe ya mikromita 10. Kwa hiyo tufani hulitoa vumbi kubwa, na vumbi laini bado lahitaji chujio nyuma yake. Isitoshe, kopo la vumbi humwagwa kwa mkono, na wingu lake humrudia amwagaye. Kwa mtu mwenye pumu, mfuko unaofungwa na kutupwa mzima ni salama zaidi.

Ipimwe mashine nzima

Ninalopendekeza ni kwamba sifa ya mashine itokane na hewa itokayo katika mashine nzima, ikiwa imeunganishwa na ina vumbi ndani, wala si kipande cha chujio kilichopimwa peke yake. Jambo hili lawezekana. Nchini Uingereza mashine za daraja H zitumiwazo katika kazi za kuondoa asbesto hupimwa zikiwa nzima, na upimaji hurudiwa. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Septemba 2014, ulitaka mashine za nyumbani ziwe na lebo yenye daraja la vumbi linalorudi hewani, kutoka A, lisilozidi 0.02 kwa mia, hadi G, linalozidi 1 kwa mia. Mwaka 2018 mahakama ya Umoja huo ilizitengua kanuni za lebo, kwa sababu utendaji wa mashine ulipimwa pipa la vumbi likiwa tupu, ilhali nyumbani halibaki tupu. Fundisho ni hilo hilo: kipimo kisichofanana na matumizi humpotosha mnunuzi.

Watasema wengine kwamba mambo haya ni ya anasa, na kwamba chujio si dawa ya pumu. La pili ni kweli. Vumbi ni sababu moja miongoni mwa nyingi, na mara nyingine kuliondoa zulia lenyewe ni tiba bora kuliko mashine yoyote. La kwanza silikubali. Mwenye hoteli hukaa chumbani kwa dakika chache. Anayeivuta mashine ile chumba baada ya chumba, siku baada ya siku, ni mhudumu. Mapafu yake ndiyo yanayopima ubora wa raba ile, wala hakuulizwa wakati wa kununua. Raba nzima ni kitu cha bei ndogo, na kuibadili hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Kwa walimu, hapa pana somo lisilohitaji maabara ya gharama. Shule au ofisi ya jirani ikiwa na mashine hii, izimwe, itolewe katika umeme, ifunguliwe, na wanafunzi waangalie upande safi wa chujio. Mistari ya vumbi la kijivu pembeni mwa raba ni ushahidi wa ufa. Chumba kikiwa na giza, mwali wa tochi ukielekezwa mbele ya tundu la kutolea hewa wakati mashine inafanya kazi utazionyesha chembe zinazoelea. Kisha wafanye hesabu ile ya chembe 10,000, wakibadilisha ukubwa wa ufa na ubora wa chujio, na waone wenyewe ni lipi kati ya mawili hayo linalostahili kugharimiwa kwanza.