Kimea cha Nafaka Gani?

Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara, staftahi ya mtoto haihesabiwi kuwa imetimia mpaka kopo la unga wa kinywaji lifunguliwe, kijiko kizamishwe ndani yake mara mbili, na maziwa ya moto yamiminwe juu. Na mzazi aliyelinunua kopo hilo, aghalabu kwa fedha ambazo zingetosha mboga ya siku mbili tatu, humtazama mwanawe akinywa kwa moyo mkunjufu, akiamini kwamba amemtafutia siha. Simlaumu hata kidogo. Ninalolitaka kulisema ni kwamba wako watoto ambao kinywaji hicho huwaondolea siha badala ya kuwapa, na kwamba maandishi ya kopo, kwa jinsi yalivyo sasa, hayamsaidii mzazi kulitambua jambo hilo.

Kila aliyekanda unga wa chapati anaijua ile nguvu inayoufanya uvutike bila ya kukatika, nguvu ambayo unga wa muhogo hauna, wala wa mtama, wala wa mahindi. Hiyo hutokana na gluteni, nayo imo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka ya ugenini iitwayo rai. Mtu mwenye maradhi ya siliaki akiila, kinga ya mwili wake huugeukia ukuta wa utumbo mwembamba na kuushambulia, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala na kwisha, hata mtoto akawa anakula na kushiba ilhali anakonda, damu inampungua, tumbo linamfura, na kimo chake hakiongezeki. Dawa ya kuyaponya maradhi haya haipo; tiba ni kuziepuka nafaka hizo maisha yote, kama alivyothibitisha tabibu wa Kiholanzi, Willem Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, baada ya kuwaona watoto aliowatibu wakipata nafuu ngano ilipoondolewa na wakiugua tena iliporudishwa.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Lakini uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba takriban watoto 56 katika kila 1,000 walikuwa nayo, kiasi kinachopita kwa mbali kile cha Ulaya. Hapa kwetu watoto wanaopimwa ni wachache mno, na asiyepimwa hahesabiwi.

Ngano haina hila. Mkate, maandazi, mahamri, tambi: mama huvijua vyote, na akishaambiwa, hujifunza kuviepuka ndani ya juma moja. Inayojificha ni shayiri, kwa sababu haiji mezani kwa sura yake wala kwa jina lake.

Dada yangu aliambiwa na tabibu amwachishe bintiye ngano, akamwachisha kweli, na kwa huruma ya mzazi aliyemnyima mwanawe maandazi, akamzidishia kile kinywaji cha kopo, asubuhi na jioni. Miezi mitatu ikapita, kuharisha hakukukoma. Siku niliyowatembelea nililichukua kopo nikalipeleka dirishani penye mwanga, kwani herufi zake zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, nikasoma kwa Kiingereza, katikati ya sukari na kakao, kwamba mlikuwa na dondoo la kimea. Kimea cha nini, kopo halikusema. Nilipomtafsiria, dada yangu alinitazama kwa mshangao, akaniuliza: “Kaka, kimea si kilekile tunachotilia togwa?”

Swali lake lilikuwa la haki. Kimea cha togwa aghalabu hutokana na ulezi au mtama uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, na nafaka hizo hazina gluteni abadan. Kwa Kiswahili chake, basi, neno lile lilikuwa neno la amani. Walakini katika lugha ya viwanda, kimea kisichotajiwa nafaka yake karibu kila mara huwa ni cha shayiri, na mama aliyeelewa neno kwa maana ya jikoni kwake alikuwa akimpa mwanawe kila siku kile kile alichokatazwa.

Sisemi kwamba wenye viwanda wameghushi kitu. Ovaltine iliyozaliwa Bern, Uswisi, na Milo aliyoibuni Thomas Mayne huko Australia mwaka 1934, ni vinywaji ambavyo shayiri imo kwa kuwa ndiyo ladha yenyewe, na mwenye afya huvinywa bila ya dhara. Wala kasoro hii ya maandishi ya kopo si yetu peke yetu: sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ililazimisha ngano itajwe waziwazi, shayiri ikaiacha. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO, imekwisha kuagiza kwamba nafaka zenye gluteni, shayiri ikiwamo, zitangazwe daima, na kwamba chakula kinachoitwa “bila gluteni” kisipite miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Tena uji wa pakiti nao utazamwe kwa jicho hilo hilo, kwani baadhi ya unga wa lishe huchanganywa na ngano, na hata unga wa ulezi mtupu una mashaka madhali mashine iliyousaga ilitangulia kusaga ngano.

Ninawaomba Shirika la Viwango Tanzania na mwenziwe wa Kenya walazimishe maneno matatu tu, kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mtu mzima anaweza kuzisoma bila ya kwenda dirishani: “kimea cha shayiri”. Nawe mzazi, ukiona neno kimea halikutajiwa nafaka yake, na mwanao amekwisha kuthibitishwa kuwa ana siliaki, lirudishe kopo rafuni. Ikiwa unashuku tu, usimwachishe kitu mpaka apimwe damu, maana kipimo huweza kutoonyesha maradhi kwa mtu aliyekwisha kuiacha gluteni.

Mpwa wangu sasa hunywa uji wa ulezi ambao mamaye huuchagua, huuosha na kuutwanga mwenyewe katika kinu ambacho hakijawahi kutiwa ngano, na amenenepa. Kopo lile bado linauzwa katika duka la mtaani kwao, na juu yake pameandikwa kimea, basi.